Sala ya Germantown

Saa nne asubuhi.

Stoo nyuma ya duka la vyakula, Silver Spring, Marekani. Harufu ya dagaa. Gwakisa alikalia gunia la unga, kola ya uchungaji ikimbana shingo.

"Mikebe sita ya filamu," alisema. "Ya Kijerumani, bubu, ya zamani sana. Nakala nyingine hakuna. Mnunuzi yuko Sterling. Khalfan, unabaki kwenye gari."

Dereva aliitikia kwa kichwa. "Inahusu nini, bosi?"

"Jambazi mkuu," alijibu Wairimu. Yeye ndiye aliyekuwa akimtunza mzee mwenye filamu, kule Germantown, na alikuwa ameonyeshwa filamu hiyo mara nyingi. "Kila siku ana sura mpya. Watu wake wanamchukia, lakini hakuna anayetoroka."

Gwakisa alicheka. "Huyo ana akili."

"Na pasipoti yangu?"

"Baada ya kazi, dada."

Gwakisa aliichukua mwezi uliopita, eti amtafutie kibali cha kazi. Sasa mtoto wa Wairimu alikuwa amelazwa Nyeri. Tiketi yake ya ndege ilikuwa ya kesho.

Saa tisa alasiri, nyumbani kwa mzee.

Mzee alikuwa usingizini, dawa zimemkolea. Mikebe iliingia sandukuni. Gwakisa alikuwa anafunga zipu nesi Violet alipotokea, mapema kuliko zamu yake.

"Ai! Pastor! Unaenda wapi na mgonjwa hajaombewa?" Alimvua koti, akalitundika karibu na mlango. "Wairimu, weka chai."

"Nina ibada nyingine, mama..."

"Hiyo itangoja. Leta mikono."

Gwakisa aliomba sentensi mbili, akasema amina. Violet hakumwachia. Akaanza mwenyewe: mgonjwa, madaktari, majirani, ubalozi, watoto wa Nakuru wasio na karo. Gwakisa alijaribu kuchomoa mkono. Violet akaukaza.

"Funga macho, Pastor. Shetani hapendi tukimaliza vizuri."

Wairimu aliweka kikombe chini. Mkono wake uliingia mfukoni mwa koti. Pasipoti mbili. Alichukua ya Kenya, akafungua kuhakikisha jina, akaibana kifuani. Bila mzigo Khalfan asingeondoka, kwa hiyo akabeba na sanduku. Lilimvuta bega mpaka kwenye gari.

"Bosi yuko wapi?" aliuliza Khalfan.

"Anaombewa. Endesha!"

Injini ilikuwa inanguruma. Khalfan hakugusa gia.

"Umeipata pasipoti yako?"

"Ndiyo. Twende, kaka, tafadhali."

"Na yangu?"

Wairimu aliukumbuka mfuko wa koti. Kitabu kile cha pili. Hata hakukigeuza.

"Kwani wewe pia..."

"Ulidhani namwendesha kwa mapenzi?" Khalfan alizima injini. Alibonyeza kitufe, milango yote ikajifunga. "Nina mke Tanga. Ukiondoka na mzigo, mimi ndiye nitakayelipa."

"Fungua nirudi. Nitakuletea."

"Umechelewa."

Gwakisa alikuwa kibarazani, koti mwilini, mkono ukipapasa mfuko, Violet akimpungia. Alitabasamu kichungaji njia nzima. Khalfan akamfungulia. Gwakisa aliketi nyuma, ubavuni mwa Wairimu, akavua kola, akanyoosha kiganja.

"Lete, dada."

Khalfan akawasha gari.