Kapasita ya Mzee

Haya yalimpata rafiki yangu fundi redio, mtu asiyejua kutunga uongo hata wa kumtuliza mteja.

Alasiri hiyo alikuwa hoi, mgongo unawaka moto, na mwalimu jirani alishamwambia, "Fundi, leo usinizungushe. Saa kumi naichukua redio yangu." Kapasita ya redio ile, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme, ilikuwa imevimba kichwa, na madukani alikosa nyingine ya maikrofaradi 470.

Akageukia rafu iliyokuwa nyuma ya kiti chake. Hapo palikuwa na redio ya mzee mmoja ambaye kila alipofika alikohoa mara mbili kabla ya kubisha hodi. Aliiacha akisema, "Usiichokonoe mpaka nirudi," na wiki hiyohiyo akafariki. Fundi akaifungua. Kapasita yake ilikuwa 470, ila ya kuhimili volti 35 badala ya 25.

"Volti zikizidi si neno, zikipungua ndiyo balaa," alijisemea, akaing'oa.

Alipomaliza tu kuilehemu kwenye redio ya mwalimu, umeme ukakatika. Kibanda chake hakikuwa na dirisha, na mlango alikuwa ameurudisha. Akainama kupapasa kazi yake gizani, kimya kabisa, hata feni ya jirani haikusikika.

Mtu akakohoa mara mbili.

"Hodi, fundi."

"Karibu, pita ndani," alijibu kwa mazoea, hata kichwa hakuinua, kwa uchovu.

Ndipo akakumbuka kwamba mlango uko mbele yake. Sauti ilikuwa imetoka nyuma, kwenye rafu.