Mtafiti wa Kingamwili na Mtu wa Redio

Adhuhuri ile stesheni ya treni ilijaa watu kama siafu. Mtafiti alijipenyeza katikati yao katika gauni lake la bluu, amekumbatia kasha la barafu kama mama na mwanawe. Kijana mwenye shati la rangi ya haradali akaja mbio, akamgonga. Pu! Kifuniko kikafyatuka.

"Kishike! Mna damu humo!"

Watu wakatawanyika. Kijana akapiga goti, akakibana kifuniko kwa mikono miwili.

"Samahani, dada. Damu ya nani tena?"

"Ya watu waliojitolea. Nachunguza kingamwili."

"Na mimi nilikuwa nawahi treni, lakini sasa naona haina haraka."

Sauti ile mtafiti aliijua. Jiji zima liliijua, kwani ndiyo iliyoliamsha kila alfajiri redioni. Akacheka bila kutaka.

Tangu siku hiyo simu hazikupoa. Mtangazaji alimwita "Daktari wangu", naye akamwita "Kasuku".

"Kasuku, leo siji. Seli zangu hazijui Jumapili."

"Basi nisimulie hizo seli, mpenzi. Angalau niwajue wake wenza."

Akamsimulia. Mwili haujui adui gani atakuja kesho, kwa hiyo seli za damu hukata vipande vya jeni na kuviunga upya, hadi ipatikane kingamwili ya kumweza. Yeye alitaka kuliona umbo la DNA pale pale inapokatwa.

Shangazi yake, aliyemlea, akataka kumwona huyo kijana. Siku ikapangwa. Mtangazaji akavaa suti ya kijivu, akafika na maua. Mtafiti hakutokea. Kule maabara, jaribio lililomshinda miaka nenda rudi lilikuwa linakubali, na simu yake aliifungia kabatini. Kijana akakaa na Shangazi, chai ikapoa, mazungumzo yakaisha, maua yakalala mezani.

Alfajiri iliyofuata akaropoka hewani: "Wasikilizaji, mpenzi wangu ni mtu wa maabara. Akiambiwa achague mimi au panya, anachagua panya. Nadhani niote mkia!"

Jiji likaangua kicheko. Maabara nako wakacheka, na mmoja akamchorea mtafiti panya ubaoni. Mtafiti akampigia Kasuku simu.

"Umeniuza kwa kicheko."

"Na wewe ulinisahau kwa shangazi yako kama mwavuli."

"Basi tusahauliane."

Akakata. Majuma yakapita, kila mmoja akimeza machungu yake, hadi Shangazi alipomwita kijana.

"Mwanangu, unajua mama yake alikufa kwa nini? Saratani ya damu. Jeni zile zikiungwa vibaya, seli huharibika. Huyu hachezi na panya. Anamtafuta aliyemwua mama yake."

Mtangazaji akainamisha kichwa. "Hakuniambia, Shangazi."

"Hamwambii mtu. Nenda."

Hakwenda kuomba radhi redioni. Alijua hilo lingekuwa kujionyesha tu. Akaenda maabara kwa miguu yake, akasimama mlangoni. Mtafiti, katika koti jeupe lenye doa la wino, hakugeuka.

"Nimekukosea," kijana akasema. "Kazi yako niliifanyia mzaha bila kujua uzito wake. Nisamehe."

Mtafiti akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Na mimi ningeweza kutuma hata neno moja. Sikutuma. Njoo utazame."

Kwenye kioo, nyuzi mbili za DNA zilikuwa zimeachana mahali pamoja, zikafanya kitanzi chembamba.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho. Siku ile ya Shangazi ndiyo kwanza nilikiona. Hapo ndipo jeni ya kingamwili inapokatwa. Kwa ajili ya kitanzi hicho wameniita ng'ambo, miaka miwili. Wana mashine tusizo nazo."

Uso wa kijana ukafifia, kisha akajikaza. "Utakwenda. Usipokwenda nitakubeba mgongoni nikupeleke."

"Nitakwenda. Lakini nataka niende nikiwa mke wa mtu." Akamkazia macho. "Utanioa, Kasuku?"

Mtu yule, aliyekula mshahara kwa kusema, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Machozi yakamlenga. Akabaki akitikisa kichwa juu, chini, juu, chini.

"Sema basi, wenzangu wanasikiliza!"

Na kweli, nyuma ya mlango wa kioo, maabara nzima ilikuwa imesimama.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna msikilizaji aliyewahi kuisikia.