Mfuko wa Aproni ya Dada

Magharibi ile nilikwenda kwa dada kuchukua mkasi wa mama tu. Dada ni fundi cherehani, mimi ndiye mdogo wake. Mama alikuwa hajulikani alipo karibu mwaka mzima. Dada, aliyekuwa akimuuguza, alisema ametoka nje na mkongojo wake akapotea. Tulimtafuta hospitali zote, hata mochwari. Hakuna aliyelia kama dada.

"Mkasi? Ngoja."

Akatia mkono kwenye kijimfuko cha aproni yake. Kidogo, cha kutosha kiganja. Mkono ukazama hadi kiwiko... hadi bega.

Nikaganda.

Akatoa kikombe cha chai, akakisukuma pembeni. Chai ilikuwa ikifuka mvuke. Akarudisha mkono, akatoa mkasi.

"Dada... nini hicho?"

"Aliniachia mteja mmoja. Hakurudi tena." Alikuwa ananong'ona. "Kitu kikiingia humu hakipoi, hakiozi, hakizeeki. Ila aliyekiweka ndiye pekee anayeweza kukitoa."

"Na chai hii ni ya lini?"

Akakifunika kikombe kwa kiganja.

Harufu ikanijia. Dawa ya kuchua, ile ya magoti ya mama.

Kisha, ndani ya mfuko, mtu akakohoa.

"Kitindamimba wangu," sauti ikasema, chini kabisa. "Huku hakuna pa kujilaza..."

Nikamrukia dada, nikaingiza vidole mfukoni. Kitambaa. Pindo. Nyuzi.

Basi.

"Mtoe!"

"Miaka yote ile kila usiku namgeuza kitandani peke yangu," alisema, macho makavu. "Wewe unaleta matunda Jumapili, unambusu, unaondoka. Nilitaka nipumzike siku moja tu. Siku moja ikawa tamu."

"Mtoe, dada!"

"Nikimtoa si atasema?"

Nikakimbia kumwita mjomba. Tuliporudi, mlango ulikuwa wazi na taa inawaka. Aproni ilikuwa sakafuni, bado ina joto la mwili. Viatu vya dada vilikuwa kando yake, vimepangwa vizuri.

Hakuna aliyemwona tangu siku hiyo.

Aproni ninayo mimi. Mkono wangu huishia kwenye kitambaa kila ninapojaribu. Lakini nikitega sikio namsikia dada akihema, akimgeuza mama, huku mama akimuuliza mbona amechelewa.

Mjomba anasema niichome moto.

Hajawahi kuisogeza sikioni.