Utepe Kwenye Matundu ya Drili

Kila alasiri, kabla ya kugusa daftari lolote, Chiriku alikuwa na kazi yake. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Mama yake, fundi wa kufunga rafu na vyuma vya kushikia ukutani, alirudi na drili ya kugonga, ile inayozunguka huku ikigonga mpaka zege linasalimu amri. Chiriku alihakikisha waya haumo kwenye soketi, akachomoa biti, yaani chuma kinachotoboa, akasugua matundu ya hewa kwa brashi kavu, kisha akaupapasa waya wote kutafuta palipochubuka.

"Vumbi ni adui wa mashine, mwanangu," mama alizoea kumwambia. "Huila ndani kwa ndani kama mchwa."

Wiki ile mashindano ya mpira wa pete yalipamba moto. Rafiki yake, binti wa jirani, alichungulia dirishani.

"Wewe yaya wa mashine! Timu nzima inakungoja. Au bado hujaibembeleza ikalala?"

"Nakuja bwana, acha kelele!"

Ndipo Chiriku alipopata wazo aliloliona la kijanja. Kama adui ni vumbi, si afungiwe mlango? Alichukua utepe mweusi wa umeme, akayaziba matundu yote. Juu ya gamba jeusi la drili, utepe haukuonekana kabisa. Akakimbilia uwanjani. Siku mbili zilizofuata mama alikuwa na kazi ndogondogo za mbao, na hakuna lililotokea.

Jumamosi walikwenda pamoja zahanati. Mama alipaswa kufunga vyuma kwenye ukumbi ambamo wagonjwa hujifunza kutembea upya. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa tangu avunjike kiwiko cha mkono wa kulia. Miezi sita alikuwa hawezi hata kukamua nguo. Alivaa miwani ya kinga na barakoa, akasimama imara, akaishika drili kwa mikono miwili.

Kwenye tundu la tatu, sauti ya mashine ilizama. Harufu ya kuungua ikatanda, moshi ukafuata.

"Chomoa waya!" mama alipaza sauti, na Chiriku akachomoa.

Mama aliiweka drili sakafuni, akaenda kumwita muuguzi. Huku nyuma Chiriku aliubandua utepe, ukiwa wa moto na umelainika, akausokomeza mfukoni.

"Pole, fundi. Tutakusubiri," alisema muuguzi.

"Usinisubiri, dada. Tafuta fundi mwingine." Mama aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama kitu cha mwenzake. "Mkono huu haujui tena nguvu zake. Nimeikandamiza mashine mpaka nimeiua. Mimi nimekwisha."

Chiriku aliinama. Akaanza kuukunja waya wa drili.

Jumapili mama alishinda kwenye kigoda, mkono wa kulia ameupakata kama mtoto mgonjwa. Hata kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Binti wa jirani alipouliza, "Leo Chiriku kameza ulimi?" Chiriku alizidi kufagia. Kila Chiriku alipokaribia kusema, alijiambia atasema baada ya chakula, baada ya kuosha vyombo, kesho. Nyumba ilikuwa kimya kama ya matanga, na aliyejua hakuna maiti alikuwa yeye peke yake.

Jumatatu jioni mjomba alifika. Alikuwa msuka mota, fundi wa kurudishia uhai mashine zilizoungua.

"Chukua vyote, mdogo wangu," mama alimwambia, akisukuma sanduku la vifaa. "Chukua hata miwani. Sitaihitaji."

Mjomba alipoinama kulibeba, Chiriku alilidaka sanduku.

"Mjomba, usichukue! Si mkono wa mama. Ni mimi." Akautoa utepe mfukoni, akaeleza yote huku kamasi na machozi vikichanganyika.

Mama hakugomba. Afadhali angegomba.

"Siku mbili, Chiriku," alisema polepole. "Siku mbili umenitazama nikiuzika mkono wangu mzima."

Mjomba alifungua drili. Nyaya za ndani zilikuwa nyeusi kama mkaa.

"Mashine hii hupumua kwa matundu haya," alieleza. "Feni iliyomo ndani huvuta hewa ya kupoza mota. Ukiziba, joto litapitia wapi? Hata angeishika mtu mwenye mikono ya chuma, dada, ingeungua tu. Nitaisuka upya."

Ilimchukua siku kumi, na muuguzi, kama alivyosema, alikuwa amemsubiri mama. Mama aliporudi zahanati, alisimama katikati ya tundu la kwanza, akaunyosha mkono wa kulia, akavuta pumzi, akaanza tena. Kufikia adhuhuri vyuma vyote vilikuwa vimekaa ukutani, na mzee mmoja alikwisha kukishika cha kwanza akijaribu hatua.

Chiriku alikaa chini, waya umechomolewa, akisugua matundu kwa brashi. Mama aliketi kando yake.

"Kazi ya njia ya mkato umeona ilikotufikisha," alisema. "Lakini sikiliza hili zaidi. Mota ikiungua, yupo mjomba wa kuisuka. Mtu akiungua kwa sababu ya ukweli uliofichwa, hakuna fundi wa kumsuka. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo."