Wateja wa Saa Nane Mchana

Mtu alicheka ukumbini, na tiketi haikuwa imeuzwa hata moja.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la kupasua kichwa. Mama Tiketi, aliyekuwa dirishani akijipepea, alidhani ni mumewe. Akapanda ngazi hadi chumba cha mashine akamkuta mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, amekalia ndoo anamenya chungwa, filamu inazunguka. Hata tabasamu hana.

"Unamwonyesha nani? Chini hakuna mtu. Zima!"

"Marehemu baba alikuwa hazimi katikati," Fundi alisema. "Hata ukumbi ukiwa mtupu. Ikianza, inaisha."

"Baba yako alikuwa na foleni mpaka kule kona. Sisi tuna nani? Zima bwana, umeme haukingwi kwenye pipa."

Fundi akazima. Hapo ndipo walipojitafutia balaa, jamani, tena kwa mikono yao wenyewe.

Sinema ile ilijengwa na babake Fundi, enzi ambazo watu wa kitongoji kile walipiga viatu rangi ili tu wakakae gizani. Kisha zikaja video, kila sebule ikawa sinema. Ukumbi ukageuzwa ghala la unga, ukawa mahali pa maombi, ukafungwa, popo wakahamia. Wengine wangeuza matofali. Fundi na mkewe wakafagia, wakashona viti upya, wakafungua, na watu wakawacheka waziwazi. Mama Tiketi hakujali. Alimpenda mumewe kuliko alivyojipenda mwenyewe, na alipomwona anaimba huku akipangusa lenzi, basi, dunia imetulia.

Kesho yake Fundi alishuka na kitambaa kufuta viti. Akakawia. Mkewe alipomfuata alipokelewa mlangoni na harufu ya marashi, ya aina nyingi kwa pamoja, kama ya watu waliojipamba kwa matembezi. Mumewe alikuwa safu ya kati, ametazama pazia jeupe lisilo na picha, na macho yake yalikuwa yakienda kushoto na kulia, yakifuata kitu.

"Baba, kuna nini?"

"Kaa chini," alinong'ona bila kugeuka. "Unawaziba watu, hawaoni."

"Watu gani?"

"Punguza sauti. Wanataka kujua kama yule binti wa kwenye filamu aliokolewa."

Alimvuta, hakusogea. Alimletea chakula, hakukiangalia. Kulipokucha alikuwa palepale, midomo imekauka, na mkewe alipomtajia jina lake la kuzaliwa hakuitika. Mama wa watu alilia mpaka sauti ikakauka, kwa maana yeye ndiye aliyesema zima.

Mama mkwe, mamake Fundi, akaja na mganga, bibi mfupi wa miwani, asiye na makeke. Bibi akakaa kiti cha mbele, akavuta pumzi, akasema kwa upole, "Haya, semeni."

Kinywa cha Fundi kikafunguka, na kilichotoka kilikuwa sauti za wanaume, za wanawake, za watoto, zote kwa pamoja. "Tulikaa humu walipoondoka wenzenu. Huyu alituwekea picha, akatukatia. Atakaa nasi mpaka iishe."

"Majini wastaarabu hawa, wana haki yao," bibi alimwambia Mama Tiketi. "Waonyeshe mpaka mwisho. Lakini milango isifunguliwe kwanza. Mpaka nimwite mumeo, ageuke anitazame. La sivyo atatoka nao."

Mama Tiketi akapanda, akawasha mashine, na kupitia kile kidirisha kidogo akaona viti vikiinama kimoja baada ya kingine bila mtu wa kuvikalia, akasikia kikohozi, mtoto akibembelezwa, minong'ono ikitulia pale binti alipotekwa, kisha pumzi za ukumbi mzima zikizuiwa kwa pamoja huku yeye akijiombea kimoyomoyo kwamba filamu isikatike, umeme usizimike, mumewe asiende popote, mpaka binti akaokolewa, na makofi yakapigwa kwa nguvu hata kuta zikatikisika.

Muziki wa mwisho ukaanza.

Sasa, mama mkwe alikuwa mlangoni. Ujana wake wote kazi yake ilikuwa hiyo: muziki wa mwisho ukilia tu, afungue milango yote miwili, watu wapate hewa. Masikini, hakufikiri. Mikono ilifanya ilichozoea.

"Bado!" bibi alipiga kelele. "Bado, mama!"

Jua likamwagika ndani. Ubaridi ukapita, na marashi, na vicheko, na mburuzo wa viatu vingi ukielekea barabarani. Kisha kimya.

Mama Tiketi alishuka ngazi mbiombio. Akamkuta mumewe amekaa palepale, anapepesa macho, rangi imemrudia usoni. Akamkumbatia, akalia kwa furaha, akambusu mikono. "Umebaki! Mume wangu, umebaki!"

Yeye akajinasua taratibu, kwa adabu, akakung'uta suruali kama mtu anayeivaa kwa mara ya kwanza.

"Samahani, dada," alisema. "Onyesho la pili linaanza saa ngapi?"