Kurasa Ambazo Plamedie Hakuzisoma

Kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu vya shule, Plamedie aliokota barua mlangoni na kuzisoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika nyumba yao ndogo ya mtaa wa Lewisham, ughaibuni, yeye ndiye aliyekuwa macho ya mama yake. Mama Léocadie alitoka Bukavu akiwa mtu mzima. Kiingereza chake kilitosha sokoni, lakini barua za serikali zilimshinda. Basi Plamedie alisoma, akatafsiri, na kila mwezi akajaza taarifa za mama kwenye tovuti ya ofisi ya msaada. Msaada huo ndio uliowalipia kodi na chakula tangu magoti ya mama yalipogoma na kazi ya usafi ikamshinda.

Jioni hiyo barua ilikuwa moja tu. Plamedie aliisoma mara mbili.

"Inasema nini?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Wamesimamisha pesa. Wanauliza kuhusu pauni arobaini zilizoingia benki mara nne. Wanataka kujua kwa nini hatukuwaarifu."

Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Pesa zile zilitoka chuo kikuu, kwa watafiti wa ugonjwa wa kisukari. Walimwita mara nne wakamhoji jinsi anavyokula na anavyomeza dawa, na kila mara walimlipa kwa muda wake.

"Lakini ile si kazi," alisema kwa unyonge. "Nilikaa kwenye kiti, nikajibu maswali, wakanishukuru. Kwetu mtu akikushukuru, unaenda kumripoti wapi?"

Plamedie alikumbuka siku mama alipompa kijitabu cha watafiti chenye kurasa nane. "Nisomee yote kabla sijatia sahihi," mama alikuwa amemwambia. Lakini rafiki yake Natasha alikuwa akimngoja nje. Plamedie alisoma ukurasa wa kwanza, akasema, "Nyingine zinarudia hayo hayo." Mama akamwamini, akatia sahihi.

Sasa alikitafuta kijitabu kabatini, akakifungua ukurasa wa sita. Maneno yalikuwa wazi kabisa: anayepokea msaada wa serikali aiarifu ofisi kuhusu malipo haya. Alikirudisha bila kumwambia mama. Aliona aibu.

Siku zilizofuata walipiga simu ofisini. Muziki ulilia saa nzima, kisha laini ikakatika. Walipiga tena, ikakatika tena. Mwenye nyumba aliulizia kodi. Chakula kikawa wali mtupu, na mama alisema hana njaa wakati Plamedie aliona wazi kwamba anayo.

Siku ya nne jirani yao, Papa Serge, alikuja na shauri lake. "Andikeni kwamba ndugu aliwakopesha. Nani atajua?"

Alipoondoka, mama alifunga mlango. Aliogopa kukosa pesa, na zaidi aliogopa karatasi zao za ukaazi zisije zikaguswa. Mwishowe alisema, "Andika hivyo, binti yangu. Niko na woga, sijui tena la kufanya."

Plamedie alifungua kompyuta, lakini vidole vilikataa. Hakuwahi kumsikia mama yake akiomba uongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yeye tayari alikuwa amefika mwisho wake.

"Mama, ni mimi," alisema akilia. "Sikukisoma kile kijitabu. Waliandika kwamba tuwaambie."

Mama alikwenda kabatini akakichukua kijitabu. "Vaa koti," alisema.

Walikwenda maktaba, kwa Marion, Mkenya aliyejitolea kuwasaidia watu kujaza fomu. Walimweleza yote, hata shauri la Papa Serge, naye akakisoma kijitabu chote bila haraka.

"Malipo kama haya pengine yanahesabika, pengine hayahesabiki," alisema. "Kuamua ni kazi ya ofisi. Kazi yenu ni kusema mapema. Na ule mkopo wa uongo wa Papa Serge ungewafanya wakosaji wa kweli."

Aliwaandikia maelezo, akaambatanisha kijitabu na barua ya watafiti. Kisha wakasubiri wiki tano, wakila vyakula vya msaada kutoka kanisani, bila la kufanya ila kungoja. Hatimaye ofisi ilikubali maelezo yao. Pesa zilirudi, zikipunguzwa kidogo kila mwezi mpaka deni la zile pauni mia moja na sitini liishe.

"Mama Plamedie," Marion alimwambia walipokwenda kumshukuru, "mzigo huu ni mzito kwa mtoto. Barua kubwa niletee mimi."

Njiani kurudi, Plamedie aliuliza, "Bado umekasirika, mama?"

"Sikukasirishwa na jambo ambalo hukulijua," mama alijibu. "Mimi mwenyewe hapa sijui mengi. Niliumia kwa sababu ulijua kwamba hukusoma, ukaniambia umesoma. Siku nyingine kama hujui, sema hujui. Hapo tutakuwa wawili tusiojua, tutatafuta msaada pamoja. Lakini ukinidanganya, mwanangu, unaniacha peke yangu."