Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani

Mdoli wa mazoezi hana mapigo ya moyo. Kila mwanafunzi wa uuguzi anajua hivyo tangu wiki ya kwanza, kwa hiyo Sista Bado alipomfunga kitambaa cha presha kwenye mkono wake wa plastiki na kuweka stetoskopu masikioni, hakutegemea kusikia kitu. Alikuwa anazoesha vidole tu. Akasikia du, du, du, taratibu, kama mapigo ya mtu aliyeshiba na kulala. Akavua stetoskopu, akaitazama, akajiambia ni moyo wake mwenyewe, akaendelea na kazi.

Uchovu alikuwa nao wa kugawia watu. Jina la Sista Bado alibandikwa na wenzake kwa sababu kila akiulizwa kama amemaliza chuo alijibu, "Bado." Mwaka uliopita aliufeli mtihani wa mwisho, na chuo kilikuwa kimeshasema wazi kwamba anayefeli tena afungashe virago. Nyumbani mama yake alikuwa mshona nguo ambaye macho yalishaanza kugoma. Siku hizi alitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Hata hivyo, kila aliyekuja kupimwa gauni alisimuliwa habari za binti atakayekuwa nesi.

Nadharia hazikumsumbua. Kilichomwangusha ni mdomo. Mwalimu wa vitendo, mama mmoja asiyecheka ambaye alikagua mikunjo ya shuka kwa ukucha, alitaka mdoli achukuliwe kama mtu: asalimiwe, aombwe ruhusa kabla ya kuguswa, na kabla hujaondoka umwambie, "Ukihitaji chochote niite, nitakuja." Mwaka ule Sista Bado alifanya kila kitu vizuri lakini kimyakimya, kama anayeosha vyombo. Safari hii aliapa hatarudia. Kila alasiri, wenzake wakienda kula, alibaki kwenye chumba cha mazoezi na mdoli wa kitanda cha dirishani, akimwambia maneno yale kwa sauti, tena na tena, mpaka yakawa yanamtoka bila kuyafikiria.

Watu wengine wenye akili zao hawakai chumba kitupu kuahidi kwamba wakiitwa watakuja. Wanafunzi wa uuguzi wanafanya hivyo, tena kwa tabasamu.

Basi akaitwa.

Alikuwa bwenini, amelalia vitabu vyake, aliposikia mtu akisema "Sista" kwa upole, karibu na sikio. Akainuka na kuvaa kandambili. Mwenzake wa chumbani, msichana wa miwani mikubwa waliyemwita Profesa, akamuuliza anakwenda wapi. Alijibu kwamba anaitwa. Profesa akasema humu ndani wako wawili tu na yeye hajafungua mdomo.

Tangu hapo hakupumzika. Aliitwa darasani, aliitwa bafuni akiwa na sabuni usoni, na kila alipofika kwenye kitanda cha dirishani alikuta harufu ya marashi ya waridi na majivu yaliyomwagiwa maji. Mgonjwa alitaka mto ugeuzwe. Mgonjwa alitaka maji, na glasi aliyoiweka mezani ilikauka akiwa amegeuka tu kuchukua taulo. Aliogopa, lakini aliogopa zaidi kutokwenda, maana siku aliyojaribu kuziba masikio vidole vyake vilikufa ganzi na hakuweza kushika hata kalamu, na bila vidole hakuna mtihani.

Profesa aliamua kumfuata. Ilikuwa jioni, taa za korido hazijawashwa, na kutoka mlangoni alimwona mwenzake akimfunika mdoli, akimuuliza kama ameridhika, na ile shuka, iliyokuwa imelala juu ya kifua cha plastiki kisicho na mapafu wala pumzi, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na kichwa ambacho miaka yote kilitazama dari kikageuka polepole juu ya mto mpaka yale macho ya kuchorwa yakamkuta Profesa pale aliposimama na kumtulia usoni.

"Twende kwa bibi yangu," Profesa alinong'ona walipofika nje. "Kesho hiyohiyo. Usibishe."

Bibi huyo alikuwa mganga aliyekaa nyuma ya gereji, na kelele za nyundo hazikumbabaisha. Hakupiga ramli. Aliuliza tu ni maneno gani hasa yalisemwa, akayasikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Mjukuu wangu, wewe hukurogwa. Wewe umejiajiri," alisema. "Wenzetu wasioonekana, ahadi kwao si mchezo. Umemlaza mmoja wao kitandani kwa mdomo wako, utamtoa kwa mdomo wako. Simama mbele yake umpe ruhusa aende kwao. Lakini usimwambie arudi. Hata kwa adabu tu, usimwambie."

Waliporudi chuoni walikuta chumba cha mazoezi kimefungwa kwa kufuli kwa ajili ya mtihani. Sista Bado akajilaza kusubiri asubuhi huku sauti ikimwita kutoka nyuma ya mlango ule, na vidole vikipoa kimoja kimoja.

Kulipokucha alijikongoja kutoka kituo kimoja cha mtihani hadi kingine. Alipima, alifunga vidonda, aliongea. Kituo cha mwisho kilikuwa kitanda cha dirishani. Mwalimu wa vitendo alikaa pembeni na kalamu, akamsomea swali: mgonjwa amepona, mruhusu kwenda nyumbani.

Nusura acheke kwa furaha. Alimsalimia mgonjwa, akamweleza dawa zake, akamwambia amepona na sasa aende kwao salama. Shuka ikaanza kushuka. Harufu ya marashi ikapungua, vidole vyake vikapata joto, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuitwa alihisi mwili wake ni wake peke yake.

Kalamu ya mwalimu haikusogea.

"Hakuna ulichosahau?" mwalimu aliuliza, kwa huruma ambayo siku zote hakuwa nayo. "Fikiri vizuri. Bila hicho siwezi kukupitisha."

Alikijua. Mgonjwa anayeruhusiwa lazima aambiwe arudi iwapo hali itabadilika. Alimtazama mdoli, na mdoli alikuwa anasikiliza. Akamwona mama yake akipapasa tundu la sindano. Alikuwa amechoka, amechoka hadi kwenye mifupa, na hakutaka tena kujibu "Bado."

"Ukijisikia vibaya wakati wowote," alisema, "rudi. Tutakupokea."

Mwalimu akaandika. Shuka ikatulia kabisa.

Alifaulu. Mama yake alimshonea sare mwenyewe, mshono ukaenda upande na hakuna aliyemwambia. Hospitali ilimpa wodi ya wanaume, na siku yake ya kwanza muuguzi mkuu alimtuma atandike kitanda cha dirishani, ambacho kilikuwa hakina mtu. Alikikuta kimeshatandikwa. Mto ulikuwa umebonyea katikati, na kabla hajagusa chochote pua yake ilipata waridi na majivu mabichi.

"Sista," sauti ilisema chini ya shuka, kwa upole uleule. "Najisikia vibaya."

Hakupiga kelele. Alivuta kiti, akatoa stetoskopu, akamwomba ruhusa ya kumgusa.